Kumi na Nane ya Mtu wa Tatu

Cruz Quemada, milima ya Chiapas
Tarehe 9 Machi

Kwa dada yangu Nereida, malkia wa maembe wa soko zima la Tonalá,

Nakusalimu mapema kabla vidole havijafa ganzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi juu ya kreti lako, miguu umeitumbukiza kwenye ndoo ya maji kwa ajili ya joto. Nakuonea wivu kwa kila kitu isipokuwa sura. Mama je, goti lake linamwachia alale? Mjomba Wilevaldo bado anakoroma mpaka majirani wanatoka nje na mizigo wakidhani basi limefika? Na yule bwana wa duka la viatu, aliyekuwa akija kununua embe moja kila asubuhi kama mtu aliyeandikiwa dawa, amekwisha kusema neno au bado anakula tu? Nijibu moja baada ya moja, usiruke.

Mimi huku sijambo. Ni masikio tu yanayolalamika. Maji ya pipani huamka na ngozi ya barafu, nami naivunja kwa kisigino cha buti ndipo ninawe uso. Lakini mdogo wako amekua, Nereida. Nina ndevu sasa. Ukisimama karibu na mwanga ukiwa mzuri, unaziona. Siku nilipofika, wazee wa kitongoji walinitazama, kisha wakatazama nyuma yangu, wakauliza mwalimu mwenyewe yuko wapi. Nikawaambia ndiye huyu. Mzee mmoja akasema si kitu, labda nitakomaa kabla ya mvua.

Wewe unaujua huu mpango wa walimu vijana, wewe ndiye uliyeniletea habari zake kutoka sokoni. Hawachagui vichwa. Ukishamaliza kidato cha tatu, ukawa na miguu miwili na huogopi mbwa, wanakupa mafunzo ya wiki chache, sanduku la vitabu na kofia, wanakupandisha mahali ambapo walimu wenye vyeti vyao hawataki kupandishwa. Ukimaliza mwaka, nao wanakusomesha shule ya juu. Basi nilipanda. Na nikwambie ukweli bila kujisifu: hawajawahi kupata mwalimu kama mimi. Aliyenitangulia alikaa miezi miwili akatoroka na gari la mkaa. Wa kabla yake hakufika kabisa, alifika sanduku lake tu.

Shule yenyewe ni kibanda cha mbao. Nusu yake ni darasa, nusu ni chumba changu, na kati yetu kuna blanketi. Ubao wetu ni mlango wa kabati la nguo tulioupaka rangi nyeusi. Tundu la kitasa bado lipo, na watoto wameamua kwamba mwenye zamu ya kufuta ubao ana haki ya kuchungulia humo. Kila juma nyumba moja inanilisha, kwa zamu. Nimekula maharage ya kila namna ambayo maharage yanaweza kuwa. Wakitaka kuniheshimu wanachemsha chayote, lile tunda la kijani lenye umbo la ngumi, lisilo na ladha ya kitu chochote, nami nalisifu kwa machozi.

Watoto ni kumi na mmoja, wa kila umri, wote mbele ya mlango mmoja wa kabati. Ipo shule nyingine, ya matofali, yenye walimu wanne na kengele. Iko bonde la chini, ng'ambo ya mto. Mvua zikianza mto hauvukiki, na hata jua likiwaka ni mwendo wa kutoka gizani na kurudi gizani. Wavulana wawili watatu waliwahi kujaribu. Wasichana hakuna aliyewahi kuruhusiwa. Kwa hiyo ukiwa msichana wa Cruz Quemada, elimu yako yote ni huu mlango, hili blanketi, na mimi. Usicheke.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Yupo mwanafunzi wangu anaitwa Xunka. Wanatamka Shunka, nawe utamke hivyo unapomsomea Mama, usinitie aibu. Ana miaka kumi na miwili, mkimya, nywele zake kazisuka kwa utepe wa bluu. Nilipofika nilikuta ameshaandikwa na mwenzangu aliyenitangulia kwamba hawezi hesabu. Nami nikamwona hivyo hivyo. Unamwambia aandike thelathini na tano, anakwenda ubaoni, anafikiri, anaandika kumi na tano, anaacha nafasi kidogo, anaandika mbili. 15 2. Mia moja hamsini na mbili. Nikamwambia rudia. Akarudia, akaandika vile vile, safari hii kwa mwandiko mzuri zaidi. Nikachora alama ya kosa kubwa, na kwa kuwa mimi ni mcheshi, nikasema kichwa chake ni chayote. Darasa likacheka mpaka vumbi likashuka darini. Kuanzia siku hiyo wakamwita Chayote, uwanjani, kisimani, kila mahali. Yeye alikwenda kuketi nyuma kabisa, karibu na blanketi langu.

Baba yake anaitwa Antun. Ni fundi wa nyua, mtu mkavu, mwenye mabega kama nira. Zamani alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa kule pwani, kwa hiyo Kihispania chake ni kizuri kuliko changu, isipokuwa matusi, hapo tunalingana. Mashine ya kumenya kahawa ilimkata mkono wa kushoto, ikamwacha bila vidole viwili vya mwisho. Wanaume wenzake wana jina la utani wanalomwita kwa Kitzotzil, lugha ya huku milimani, jina refu ajabu, lina kona nyingi kuliko barabara ya kuja huku. Nikiuliza maana yake wanacheka wanageukia mbali. Nikajiamulia mwenyewe kwamba lina maana ya Mkali.

Zamu ya kunilisha ilipofika kwao, nilikwenda na wasiwasi, maana habari za Chayote lazima zilikuwa zimefika. Zilikuwa zimefika. Antun alinipa kigoda, akanipa chapati za mahindi, akaningoja nile mbili, ndipo akasema. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu sijayasahau.

"Mwalimu, mkaguzi anakuja baada ya Kwaresima kuanza. Akisema mwanangu hajui, Jumatatu yake anakwenda kuchuma kahawa na shangazi zake. Kusoma sijakukataa. Nimekataa awe wa kuchekwa, kwa sababu kuchekwa hakuhitaji dawati."

Nikasema ndiyo, baba. Mimi, Nereida, ambaye hata padri simwitikii.

Ujio wa mkaguzi nilikuwa naujua, ila sikuwa nimekuandikia ili Mama asikeshe. Ofisi ilikuwa na mwalimu mmoja wa mwaka ujao kwa vitongoji viwili, chetu na kimoja cha upande wa pili wa mlima. Mama Mkaguzi, Bi Ofelia, angepita kote kuwapima watoto. Kitakachoonyesha watoto wamejifunza kitu ndicho kitakachobaki na shule. Kingine kingefungwa, na watoto wake wangeambiwa waende ile shule ya kengele, ng'ambo ya mto. Maana yake nimekwisha kukueleza.

Basi pale kwa Antun nilitaka kuleta uchangamfu. Mkewe, Bi Maruch, alikuwa akichagua mahindi ya mbegu, anayapanga mkekani, na Xunka anamsaidia. Mimi nikajitapa kwamba naweza kuyahesabu kwa macho tu, bila kugusa, kabla yeye hajamaliza kupanga. Nikayahesabu, nikasema thelathini na tano. Bi Maruch, ambaye Kihispania chake ni namba za sokoni tu, akajibu kwa Kitzotzil bila hata kuinua kichwa. Nikamuuliza Antun mkewe amesema nini. Akasema amesema hivyo hivyo, kumi na tano ya mtu wa pili.

Nikauliza mtu wa pili ni nani humu ndani.

Dada, kile kibanda kilitaka kuanguka. Antun alicheka mpaka akashika nguzo. Akamtafsiria mkewe kwamba mwalimu anataka kujua mtu wako wa pili ni nani, na Bi Maruch akanirushia gunzi la hindi, likanipata hapa kwenye ndevu. Hata Xunka alicheka, nami sikuwa nimewahi kuona meno yake. Walipotulia Antun akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha ndama kunywa kwenye ndoo. Huku kwao hesabu ni mwili. Mtu mmoja ana vidole ishirini, vya mikono na vya miguu. Ukivimaliza, mtu huyo amekwisha, unaanza kumhesabu wa pili. Ishirini na moja ni kidole kimoja cha mtu wa pili. Arobaini ni watu wawili. Thelathini na tano ni kumi na tano ya mtu wa pili.

Kumi na tano. Ya mtu wa pili. 15 2.

Chapati ilinikwama hapa kooni, nikanyweshwa maji. Antun akadhani nimepaliwa na kicheko.

Nilirudi shuleni nikaketi mbele ya ule mlango wa kabati. Nikajaribu kukumbuka kila alichowahi kuandika yule mtoto pale juu, na kila nilichokikumbuka kilikuwa sawasawa. Si kimoja. Vyote. Alikuwa akiisikia namba kwa Kihispania, anaipeleka kwao, anaihesabu bila kukosea, anaiandika kama mama yake anavyoitamka. Kazi mbili kwa pumzi moja. Na mimi, mwalimu mwenye kofia, nilikuwa nimemwekea kosa na tunda.

Lakini unanijua, mimi si mtu wa kulia. Asubuhi nikaingia darasani nikawaambia leo hatuhesabu namba, tunahesabu watu. Wakatazamana. Nikawalaza watano chali sakafuni, viatu nje. Nikasema hawa ni wangapi. Watu watano, wakasema. Vidole vingapi? Wakasema watu watano, mwalimu, umeshaambiwa. Nikaandika mia moja ubaoni. Wale waliolala wakainua vichwa kuitazama.

Kisha tukaja kwenye kuandika. Nilikuwa nimefikiri jambo hilo mpaka kichwa kikapata moto, na ni akili yangu mwenyewe, haimo katika kitabu chochote cha lile sanduku. Nikawaambia kila mtu ana nusu ya juu na nusu ya chini. Mikono ni kumi, miguu ni kumi. Mhispania hahesabu watu, anahesabu nusu-nusu, kwa kuwa ni mvivu wa kuvua viatu. Wakacheka. Sasa kumi na tano ya mtu wa pili zina nusu ngapi? Nikauliza darasa zima, lakini nilikuwa namtazama Xunka. Akanyanyuka kutoka kule nyuma, akapita katikati ya wenzake, akasema nusu mbili za mtu wa kwanza, nusu moja ya mtu wa pili, na mguu mmoja. Akaandika tatu. Akafikiri. Akaandika tano.

Nikamwambia mbele ya wote kwamba mwenye kichwa cha chayote alikuwa ni mimi. Walilipokea jambo hilo kwa furaha kubwa. Tangu siku hiyo ndilo jina langu, uwanjani, kisimani, kila mahali. Mwalimu Chayote. Wazazi nao. Juzi mzee mmoja aliniamkia hivyo kwa heshima zote, kavua kofia.

Mama Mkaguzi alifika Alhamisi iliyopita, matope mpaka magotini, kwa sababu gari linaishia kwenye mteremko na yeye alikataa nyumbu. Mwanamke mnene, miwani imefungwa kwa uzi, anazungumza kama anayehesabu maneno yasimwishie. Wazazi walikuwa wamejaa madirishani. Aliwasikiliza watoto wakisoma, akatikisa kichwa, sikujua ni kwa kukubali au kwa kusikitika. Aliwatazama wakiandika. Wadogo walifanya vizuri. Yule mvulana wangu mkubwa, bingwa wa kila siku, alipagawa kwa woga akasema saba mara nane ni Jumatano. Nikaona kalamu ya Mama Mkaguzi ikitembea.

Ndipo alipomwita Xunka, kwa jina. Bila shaka alikuwa amelisoma kwenye taarifa ya mwenzangu. Nikamweleza kwa adabu kwamba watoto hawa wamezoea kuhesabu kwa watu, na namna tunavyotoka huko kuja kwenye makumi. Akasikiliza vizuri. Akasema basi hatamuuliza la kitabuni, maana la kitabuni mtoto anaweza kukariri kama kasuku; atamtungia lake mwenyewe. Akamuuliza nyumbani kwao wanaishi wangapi. Xunka akasema watatu, kwa maana kaka zake wameshaoa wamehama.

"Haya. Baba, mama na wewe. Vidole vyenu vyote, vya mikono na vya miguu, ni vingapi?"

Nikafurahi moyoni. Watu watatu kamili. Hesabu ya mtoto mchanga. Mimi nilisimama pale nyuma ya kiti cha Mama Mkaguzi, nimetulia, kama mtu anayemjua mwanafunzi wake.

Xunka alitazama dirishani, akatazama miguu yake. Midomo yake ikatembea kwa Kitzotzil, kwa sauti ndogo, na watoto waliokuwa karibu wakaanza kuziba vinywa. Kisha akasema kwa Kihispania.

"Hamsini na nane."

Mama Mkaguzi akashusha kalamu. Akamwambia kwa upole kwamba ni sitini, binti, watu watatu ni sitini, asiogope, ajaribu tena.

Huku milimani, Nereida, mtoto hamrudishii mkubwa neno. Mkubwa akisema mwezi ni chapati, mtoto anauliza aipashe moto au la. Xunka alikuwa amekunja ncha ya utepe wake kwenye kidole, anaivuta.

"Hamsini na nane, mwalimu," akasema. "Nimewahesabu."

Kwenye dirisha la kushoto mtu akakohoa. Antun akapitisha mkono wake wa kushoto ndani ya chumba, akaufungua, akaugeuza upande huu na upande huu ili Mama Mkaguzi auone vizuri. Kisha akasema jambo la Kitzotzil, na wanaume wote nje wakaangua kicheko, na watoto wakapiga sakafu kwa miguu, na mmoja wao akanitafsiria huku analia machozi. Kile alichokisema Xunka kwa sauti ndogo kilikuwa kumi na nane ya mtu wa tatu. Ndivyo hamsini na nane inavyoitwa kwa lugha yao, hakuna namna nyingine ya kuitaja. Na lile jina refu la baba yake, lenye kona nyingi, maana yake si Mkali. Maana yake ni Kumi na Nane.

Mama Mkaguzi alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akamuuliza Antun iwapo ana kasoro nyingine yoyote ambayo ofisi inapaswa kuijua kabla hajaandika. Antun akasema muulize mke wangu. Basi.

Shule inabaki, dada. Aliandika hapo hapo, akatusomea, ikatafsiriwa hadi dirisha la mwisho. Xunka hakwenda kuchuma kahawa. Jumatatu alikuja mapema kuliko mimi, na mimi nalala humo humo.

Sasa, kama unamsomea Mama, simama hapa. Mwambie mwandiko wangu mbaya, kalete maji, fanya lolote. Kinachofuata ni chako.

Kwanza. Nimekuandikia hapo juu kwamba nilisimama nyuma ya kiti nimetulia. Si kweli. Huku wote wanadhani nilijua, na sijawasahihisha. Yule mtoto aliposema hamsini na nane, mimi niliona shule inafungwa. Nikanyanyua mikono nyuma ya kichwa cha Mama Mkaguzi nikamwonyesha vidole sita, waziwazi, mkono mzima na kidole kimoja. Sitini. Sema sitini. Na Xunka aliniona. Alinitazama mimi, akamtazama Mama Mkaguzi, akatuona sote wawili tumekosea, wakubwa wawili na kofia moja, akasema tena hamsini na nane. Nilikuwa nimeshamkosea kwa 15 2, nikaomba radhi mbele ya watu, nikapewa na jina. Na bado, ilipofika saa yenyewe, nilimwamini mwenye kiti kuliko mtoto. Siku ile ile jioni alipita dirishani kwangu kuleta maharage, akaniambia usijali, mwalimu, wewe humjui baba vizuri. Halafu akaondoka. Sijui kama kuna mtu amewahi kunisamehe kwa maneno machache namna hiyo, na unajua nimesamehewa mara nyingi.

Pili. Mama Mkaguzi alitoa sharti moja. Watoto hawa wamechoka kuachwa, kwa hiyo mwaka ujao awepo mwalimu yule yule, au hakuna. Alinitazama. Madirisha yote yalinitazama. Nimekubali, Nereida. Shule yangu ya juu itangoja mwaka mmoja. Sirudi Julai. Mama atatafuta kandambili ya kunirushia na hatanifikia, ndiyo faida pekee ya huku. Mwambie wewe, taratibu, baada ya kula.

Tatu ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Kila Krismasi Mjomba Wilevaldo akishashiba anasimulia ile hadithi yako. Ulikuwa darasa la tatu, Mwalimu Gumersindo akakuuliza ukiwa na maembe kumi na manne ukaongezewa saba utakuwa na mangapi, nawe ukasema mikono minne na embe moja. Darasa likaanguka kwa kicheko. Akakusimamisha uso ukutani, akasema rudi kwenye maembe yako, ndiko akili yako iliko. Na kesho yake kweli ukarudi kwenye maembe, kwa Bibi Eulalia, hukukanyaga tena shuleni. Mjomba anaiigiza hata sauti. Sote tunacheka, na wewe unacheka kutuzidi, kisha unainuka unakwenda kuosha vyombo.

Bibi aliuza kwa mikono. Embe tano ni mkono mmoja, soko zima lilijua hivyo na hadi leo linajua. Ulihesabu hivyo tangu hujaota meno ya mbele. Mikono minne ni ishirini. Na embe moja.

Ulikuwa sahihi, Nereida.

Mikono minne na embe moja ni ishirini na moja, huko pwani, huku milimani, na kwa Gumersindo pia, popote alipo. Nimeangalia mara mbili. Nilimwuliza na Xunka, bila kumwambia ni ya nani. Akafikiri akasema mikono minne ni mtu mmoja amekwisha, na hiyo embe ni kidole cha mtu wa pili. Akauliza aliyehesabu hivyo ni mwenyeji wa wapi, mbona anahesabu kama wao. Nikasema ni dada yangu. Akasema basi dada yako anajua.

Nyuma ya soko, kwenye ukumbi wa parokia, wana darasa la watu wazima Jumamosi alasiri. Nimelipita mara mia, na wewe pia. Nenda. Keti mbele. Wakikuuliza kitu ukakijua, sema kama unavyokijua, kwa mikono, kwa maembe, kwa chochote, nao wakikwambia jaribu tena, sema tena hicho hicho. Wakikuchorea kosa niletee jina la mwalimu, nitashuka huko na kofia yangu.

Najua barua hii utaisoma kwa kidole, neno kwa neno, ndiyo maana nimeiandika kwa herufi kubwa na imekula karatasi za wiki nzima. Sina haraka. Gari la mkaa linaondoka kesho, dereva ameahidi kuishusha mjini akikumbuka.

Msalimie Mama, goti lake na kandambili yake. Msalimie Mjomba, na Krismasi akifungua mdomo mwambie mwisho wa hadithi umebadilika, aniandikie nimfundishe. Yule bwana wa viatu mwambie anunue mkono mzima, embe moja moja ni uoga. Bi Maruch anakutumia mbegu za chayote, nimejaribu kukataa. Xunka anakusalimu, ameketi hapa ubavuni anasoma kila ninachoandika na ananisahihisha nukta.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda ingawa sijawahi kukwambia na sitarudia,

Rubicel
Mwalimu Chayote, mtu mmoja kamili, vidole vyote vipo